Kadi ya sauti ya bei nafuu: Ipime kabla ya kulipa

KIJANA anayefungua chumba cha michezo ya kompyuta mjini Isiolo, au anayetaka kurekodi nyimbo nyumbani, hukabiliwa mapema na swali hili: je, anunue kadi ya sauti au atumie ile iliyomo tayari katika kompyuta yake?

Swali hilo si dogo. Isiolo iko takriban kilomita 285 kaskazini mwa Nairobi. Kifaa cha shilingi mia chache kilichoagizwa kutoka huko kikiwa kibovu, gharama ya kukirudisha yaweza kuzidi bei yake.

Kadi ya sauti hugeuza tarakimu za kompyuta kuwa mawimbi ya umeme yanayoendesha spika. Aidha, hugeuza sauti inayoingia kwenye kipaza sauti kuwa tarakimu.

Mnamo miaka ya 1980, kompyuta nyingi za kibinafsi zilikuwa na spika ndogo isiyoweza kutoa zaidi ya mlio mwembamba. Mwaka wa 1989, kampuni ya Creative ya Singapore, ambayo Sim Wong Hoo alikuwa mmoja wa waasisi wake, ilitoa kadi ya Sound Blaster iliyopendwa mno na wachezaji.

Hali ilibadilika mwaka wa 1997 kampuni ya Intel ilipotoa utaratibu wa AC'97, uliorahisisha kuweka sauti kwenye ubao mama wenyewe. Utaratibu wa HD Audio ulifuata mwaka wa 2004. Ndiyo maana karibu kila kompyuta inayouzwa leo, hata ya mitumba, ina sauti yake.

Kwa hivyo, kadi ya bei nafuu haishindani na ukimya. Sharti ishinde sauti uliyo nayo tayari.

Usidanganywe na maandishi

Pakiti nyingi huandikwa "7.1", maana yake spika saba na moja ya besi. Hesabu matundu. Kadi ya USB yenye tundu moja la spika na moja la kipaza sauti hutoa njia mbili tu, kushoto na kulia. Zilizosalia huigizwa na programu.

Idadi kubwa ya biti pia si hoja. Santuri za CD hutumia biti 16 na vipimo 44,100 kwa sekunde, kiwango kinachotosha sikio la binadamu, ambalo halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kinachoiangusha kadi rahisi kwa kawaida ni kelele za umeme.

Ukiuziwa kadi kuukuu ya kuchomeka ndani, hakikisha inaingia. Kadi ya PCI haiingii kwenye nafasi ya PCI Express, na nyingi za zamani hazina programu endeshi za matoleo mapya ya Windows.

Majaribio manne

Kwanza, jaribu ukimya. Bila kucheza chochote, vaa vipokea sauti vya masikioni, ongeza sauti polepole, kisha sogeza kipanya. Ukisikia mkwaruzo unaofuata kipanya, kelele za kompyuta zinapenya. Punguza sauti kabla ya kuendelea, usije ukaumiza masikio.

Pili, cheza wimbo unaoujua vyema kupitia kadi hiyo, kisha kupitia sauti ya kompyuta, kwa spika zilezile. Sawazisha ukubwa wa sauti, kwani inayolia zaidi hudhaniwa kuwa bora.

Tatu, katika mchezo wa magari au wa vita, fumba macho mwenzako akicheza. Je, waweza kutaja upande ambao adui au gari linatokea?

Nne, rekodi sauti yako huku ukijisikiliza kupitia kompyuta. Sauti ikichelewa kwa zaidi ya milisekunde 10 hivi, mwimbaji huanza kutatizika.

Huenda kadi haina kosa

Mvumo mzito usiokoma mara nyingi hutokana na umeme. Chomoa chaja ya kipakatalishi na utumie betri. Mvumo ukitoweka, kadi haina hatia. Chunguza chaja, nyaya na waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwa kompyuta ya mezani, jaribu pia tundu la nyuma badala ya lile la mbele.

Kwa jumla, kadi ya bei ya chini inafaa pale sauti ya kompyuta imeharibika au ina kelele. Mwenye chumba cha michezo atafaidika zaidi akitumia fedha hizo kwa vipokea sauti imara. Anayerekodi waimbaji ni heri aweke akiba anunue kifaa cha kurekodia chenye kiingilio cha kipaza sauti cha studio.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji nafasi ya kuipima kadi papo hapo. Akikataa, hilo nalo ni jibu.