Farasi Alishindwa Pwani ya Tanga, Mzigo Akabeba Binadamu! Kisa Kizima Hiki Hapa

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Pangani, kama kilomita 20 hivi, unafika Tongoni. Wengi huenda kupiga picha kwenye gofu la msikiti na yale makaburi zaidi ya 40, wanaposti, wanarudi mjini. Mji huu ulikuwa na hela zamani. Mwaka 1498 meli moja ya Wareno ilikwama maji ya jirani, na mwaka 1499, wakirudi kutoka India, wenyewe wakaichoma moto kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuiendesha.

Baharini kulikuwa na meli na jahazi. Nchi kavu je? Karne ya 19 misafara iliyoshuka Pangani na Tanga kutoka bara haikubebwa na farasi. Pembe za ndovu zilikuja juu ya mabega na vichwa vya watu.

Siyo kwamba farasi hawakujulikana. Binti mmoja wa Sultani, mzaliwa wa Mtoni, Unguja, alisimulia kwenye kitabu chake cha mwaka 1886 jinsi watoto wa kifalme walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Mnyama wa jumbani alikula kwa wakati, akaogeshwa, akapumzika. Balaa lilikuwa vichakani.

Huko aliishi mbung'o, wengine humwita ndorobo. Akimuuma farasi, mnyama anapata homa, anakonda, damu inapungua, miguu inakosa nguvu. Mwenye haraka anadhani ni mvivu, anaongeza fimbo. Kumbe anampiga mgonjwa! Mwaka 1895 ndipo daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, akiwa Zululand kusini mwa Afrika, aligundua kwamba nzi huyo hubeba vijidudu vinavyoingia kwenye damu.

Kujua ni kitu kimoja, kufuata ni kingine. Novemba 1914 Waingereza walivamia Tanga wakachapwa vibaya, na hadithi ya nyuki waliowatimua inasimuliwa mpaka leo. Vita ikahamia bara, wakaleta farasi na nyumbu kwa maelfu, wakawaingiza kwenye nchi ya mbung'o. Wanyama wakafa kwa maelfu vilevile. Nani akabeba mizigo? Wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu walikufa kwa magonjwa, njaa na uchovu. Ukienda Kariakoo kununua nguo, kumbuka jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Aliyedharau afya ya farasi alidharau na ya mtu.

Cha kufurahisha, jibu moja kubwa lilitoka Tanga hapahapa. Kituo cha utafiti cha Tanga kilifuga mbung'o kwa wingi, madume yakapigwa mionzi yasiweze kuzalisha, kisha yakapakiwa kwenye ndege na kumwagwa juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo akikutana na dume la Tanga, habari yake imeishia hapo. Kuanzia 1994 yalimwagwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho Unguja alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Leo wafundishaji wazuri wa farasi husema mnyama akikataa kazi, usianze na fimbo. Angalia kwato, meno, chakula, maji, usingizi, mzigo wenyewe, na mahali anapolala. Wenye punda wanaojua kazi husema hivyo hivyo. Pwani ya Tanga imelipia somo hilo kwa migongo ya watu.

Kwa hiyo siku ukiona punda kasimama katikati ya barabara na mkokoteni wa madumu, mwenyewe anamshushia bakora, jiulize: huyo kweli ni mbishi, au anaumwa?