Tuliuza mafuta, tukapangia sabuni foleni

Wenye umri wa kutosha hapa Tanzania watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mche mmoja wa sabuni ulipokuwa habari ya mtaa mzima. Ukisikia imefika dukani unatoka alfajiri, unapanga foleni, na zamu yako ikifika unaambiwa imekwisha. Mlanguzi wa nyuma ya duka ndiye anayo, kwa bei yake.

Sababu zinajulikana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha nyingi, petroli ilipanda bei, na mazao yetu yalishuka bei. Fedha za kigeni zilipoadimika, viwanda vilikosa malighafi na vipuri. Mwaka 1983 Serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi. Lakini kumkamata mlanguzi si kutengeneza sabuni.

Kazi hiyo waliifanya akina mama. Aliyekosa kabisa alifulia majani ya mpapai. Aliyejua zaidi alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji katika majivu yake, akayachemsha na mafuta ya mawese au ya nazi, akikoroga mpaka yashikane. Sabuni ya majivu huwa laini kama uji mzito, lakini inatakatisha. Anayetaka mche mgumu hutumia kostiki soda, nayo ina hatari yake: soda ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda huchemka ghafla na kukurukia machoni.

Swali ni hili: nchi yenye minazi ilikosaje sabuni? Jibu lake ni la zamani kuliko vita. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ufaransa walinunua ufuta na mbata za Unguja na mwambao wetu, wakapeleka Marseille kwenye viwanda vya sabuni. Minazi hawakuwa nayo. Soda walikuwa nayo, kwani tangu 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alikwisha gundua njia ya kuipata kutokana na chumvi ya kawaida. Basi mafuta yakatoka kwetu, na sabuni za viwanda vya ng'ambo zikaja kwetu kwa meli. Bei ya kwenda na ya kurudi walipanga wengine.

Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, sabuni zilirudi madukani na vyungu vya majivu vikawekwa kando. Wengine hata waliona haya kukumbushwa.

Haya ya nini? Cha kuonea haya ni nchi yenye mawese Kigoma, nazi Mafia na magadi Ziwa Natron kusimama foleni ikisubiri sabuni. Wazee waliokoroga chungu kile bado tunao. Tuwaulize, vijana waandike. Akiba haiozi.