Mkia wa bakteria na ubishi wa Pretoria

Oktoba 2026 inatimia miaka 350 tangu Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alipowaandikia wanasayansi wa London juu ya vijidudu alivyoviona majini. Aliviona vikienda mbio, kinachovisukuma hakukiona. Mikia yao ilionekana Ujerumani katika karne ya 19, na mwaka 1877 Robert Koch akaipiga picha.

Ungedhani mjadala ulifungwa hapo. Aliyeufungua upya alikuwa Pretoria, Afrika Kusini. Profesa Adriaan Pijper, Mholanzi kwa kuzaliwa, alilielekeza jua kali la huko ndani ya hadubini, akapiga filamu bakteria hai wa homa ya matumbo. Kwenye giza, nyuma ya kila kijidudu, ulimeremeta uzi mmoja uliosokotwa. Pijper akakata shauri: bakteria huogelea kwa kuuviringisha mwili wake, na huo uitwao mkia ni ute tu unaomfuata, kama povu nyuma ya ngalawa.

Wenzake walimjia juu. Claes Weibull wa Uppsala, Sweden, aliing'oa mikia, akaisafisha na kuichunguza: ni protini. Mwaka 1955 protini hiyo ikapewa jina la flajelini. Pijper hakurudi nyuma.

Leo akitajwa, hutajwa kama aliyekosea tu. Huko ni kumdhulumu. Wakati wengi wakichungulia bakteria wafu waliopakwa rangi, yeye aliwatazama walio hai, na mwili aliouona ukiviringika huviringika kweli. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon, huko Marekani, waliubandika mkia kwenye kioo ukatulia, mwili ukabaki kuzunguka kama pia. Mkia ukizunguka huku, mwili huzunguka kule.

Mkia wenyewe unajengwaje, basi? Mwaka 1969 Tetsuo Iino wa Japani aliwalisha bakteria wa Salmonella asidi amino ya bandia inayoufanya mkia ujikunje. Sehemu mpya, iliyojikunja, ilikuwa nchani. Nywele huota kutoka shinani. Mkia huu hurefukia nchani. Flajelini zapatazo 20,000, moja baada ya nyingine, hupenya tundu lenye upana wa nanomita 2 katikati ya mkia, zikiwa zimekunjuliwa kama uzi. Nchani zinakuta kifuniko cha protini 5, nacho huikunja kila moja upya na kuiweka mahali pake.