Wafransisko wa Kiroho

Wafransisko wa Kiroho walikuwa watawa wa Shirika la Ndugu Wadogo, hasa kusini mwa Ufaransa na katikati ya Italia, waliotaka nadhiri ya ufukara ishikwe kama alivyoiishi Fransisko wa Asizi. Mgogoro ulihusu mambo ya kila siku: walivaa kanzu fupi, za kubana, na kupinga nyumba za watawa kujiwekea akiba ya nafaka na divai ghalani. Mwaka 1317 Papa Yohane XXII aliwaamuru wawatii wakuu wao katika yote mawili, kwa hoja kwamba ufukara ni jambo kubwa lakini utii ni mkubwa zaidi. Wanne waliokataa walichomwa moto mjini Marseille tarehe 7 Mei 1318. Hukumu ilikuwa ya kikatili: kutotii kuligeuzwa uzushi. Mwaka 1323 Papa alitangaza pia kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakumiliki kitu. Safari hii shirika lenyewe lilitikisika. Mkuu wake, Mikaeli wa Cesena, ambaye awali aliwakandamiza Wakiroho, alitoroka Avignon, makao ya Papa wakati huo, mwaka 1328 pamoja na mwanafalsafa William wa Ockham. Mikaeli alifariki Munich mwaka 1342.