Njia ya Wakamba Kwenda Pwani

Siku hizi mume na mke wakitoka Kitui au Makueni kwenda kutembea Mombasa na Lamu, huonyeshwa misikiti ya kale, milango yenye nakshi, na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Huenda wakadhani kuwa hiyo ni historia ya watu wengine. Sivyo hata kidogo.

Kabla ya ujenzi wa reli kuanza Mombasa mwaka 1896, Wakamba walikwisha kuizoea njia ya pwani kwa miguu. Misafara yao ilikata nyika kavu ya Taru ikichukua pembe za ndovu, ikarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Mkuu mmoja wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha Krapf, mmisionari Mjerumani kutoka Rabai, akamweleza habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali kutoka Kitui. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na Mto Tana.

Kivoi hakuacha ngome wala msikiti wa mawe, kwa maana njia ya miguu hufutwa na mvua. Lakini miji ya bandari haikustawi kwa bahari peke yake. Ilistawi pia kwa mizigo ya bara. Basi msafiri atazamapo majumba yale na aulize: mali hii ilitoka wapi, na ni mabega ya nani yaliyoichukua?