Taka zipi zinafaa kuchanganywa kwenye zege?

Bei ya saruji na kokoto inamuumiza kila anayejenga kijijini. Ndiyo maana tunaulizwa mara kwa mara: je, matofali yaliyovunjika au majivu ya pumba za mpunga yanaweza kutumika kwenye zege? Yanaweza, lakini si kwa kila kazi.

Vipande vya matofali

Hivi hushika nafasi ya kokoto. Chagua matofali yaliyochomwa yakaiva vizuri. Yaponde yawe na ukubwa wa kokoto, kisha ondoa udongo na vumbi. Kwa kuwa tofali hunywa maji, loweka vipande kwanza, uvichuje, ndipo uchanganye. Ukivitia vikavu vitanyonya maji ya zege, fundi ataongeza mengine, na maji yakizidi zege hudhoofika.

Zege la zamani lililopondwa hutumika kwa njia hiyo hiyo.

Majivu ya pumba

Kilo 100 za mpunga hutoa pumba kama kilo 20, na pumba hizo zikiungua hubaki majivu kama kilo 4. Majivu haya yana silika nyingi. Saruji ikichanganywa na maji hutoa aina ya chokaa, na silika huungana na chokaa hiyo na kuongeza nguvu ya zege.

Hata hivyo, yanatakiwa majivu ya moto wa kadiri, kama nyuzi 500 hadi 700, yaliyosagwa laini kama saruji. Moto ukizidi sana, silika hupoteza uwezo wa kuungana na chokaa. Majivu meusi nayo bado yana mkaa ndani yake. Majivu yaliyoandaliwa vizuri huweza kushika nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji. Kwa mfuko wa kilo 50, asilimia 10 ni kilo 5.

Majivu ya jikoni au ya tanuri la matofali hatujui yameungua kwa moto gani, kwa hiyo usiyategemee.

Vioo na plastiki

Vipande vya chupa za kioo huweza kuvimba polepole ndani ya zege na kulipasua baada ya miaka. Plastiki haishikani vizuri na saruji, hivyo hupunguza nguvu.

Utumie wapi?

Tumia zege la taka kwenye njia ya kupita kwa miguu, sakafu ya banda au sehemu ya kuanikia vyombo. Kwanza mwaga kipande kidogo cha majaribio, kimwagilie maji kwa siku 7 na ukiangalie tena baada ya siku 28. Kikimomonyoka ukikikwaruza kwa msumari, mchanganyiko huo haufai.

Kwa msingi, nguzo, linta na slabu, usijaribu bila zege hilo kupimwa maabara. Muulize mhandisi wa halmashauri yako. Mfuko mmoja wa saruji uliookolewa hauna thamani ya mtoto anayelala chini ya linta hiyo.