Koneksheni za njia ya kati: wapagazi walivyopata kazi kabla ya LinkedIn

Mhitimu wa leo akishaambiwa mara kumi kwamba "bila koneksheni hupati kazi", anafungua akaunti LinkedIn. Mtandao huo ulianza 2003 na wazo lake ni jepesi: weka wasifu wako, jiunge na watu mliowahi kufanya kazi pamoja, omba wanaokufahamu wakuandikie neno zuri, kisha subiri mwajiri akuone. Tunauona kama kitu kipya kabisa. Ila ukisoma habari za Tabora ya karne ya 19, utakuta soko la ajira lililoendeshwa kwa kanuni hizo hizo, tena kwa sehemu kubwa bila karatasi.

Kwanza kazi yenyewe. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Kazeh au Unyanyembe, ni zaidi ya kilomita 800. Kwa miguu ilikuwa miezi kama mitatu. Mbung'o na maradhi viliwamaliza wanyama wa mizigo, kwa hiyo kilo thelathini na kitu zilikaa begani mwa mtu: pembe za ndovu zikiteremka pwani; merikani, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara.

Hapa wengi wetu tunachanganya mambo. Picha tuliyopewa shuleni ni ya minyororo, na ni kweli biashara ya utumwa ilipita njia hiyo hiyo. Lakini mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa wingi walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walijadiliana malipo, waligoma, waliondoka wakidhulumiwa. Ilikuwa fani. Kijana wa Unyamwezi asiyewahi kuiona pwani alikuwa hajakamilika machoni pa wenzake.

Sasa fikiria tatizo la mwajiri. Unafika na mali yako, humjui mtu. Mpagazi anataka sehemu ya ujira mapema. Utajuaje kama kesho atakuwepo? Naye mpagazi ana swali lake: huyu bwana atalipa tukifika, au atatutelekeza Ugogo bila posho? Wachumi wanaliita tatizo la taarifa zisizo sawa. Kila upande unajua jambo ambalo mwenzake halijui, na jambo hilo ndilo lenye hasara.

Njia ya kulitatua ilikuwa kuajiri kupitia watu. Henry Morton Stanley alipofika Zanzibar mwanzoni mwa 1871, hakuanza na watu wapya. Aliwatafuta waliokuwa na Speke: Uledi, Ulimengo, Baruti, Ambari, Mabruki, na juu yao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akaishi India, kisha akarudi. Angalia wasifu wa Bombay: Burton na Speke kuanzia 1857, Speke na Grant kuanzia 1860, Stanley 1871, Cameron 1873. Kila mwajiri alimpata kupitia sifa alizoachiwa na aliyetangulia.

Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi ambao Stanley alimchagulia Zanzibar. Miongoni mwao alikuwemo Manwa Sera. Livingstone alipofariki 1873, Manwa Sera alikuwa katika kundi lililoubeba mwili wake pamoja na Chuma na Susi hadi pwani. Na Stanley alipoandaa safari yake kubwa ya 1874, yenye watu zaidi ya 350, nahodha mkuu alikuwa Manwa Sera huyo huyo. Chuma akaja kuongoza msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson 1879. Susi akaenda Kongo na Stanley. Kwa lugha ya leo tungesema watu hawa walikuwa na mtandao mzuri.

Na mahali penye mtandao hapakosi dalali. Bagamoyo kulikuwa na kijana mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyemtafutia Stanley wapagazi. Stanley anamlalamikia kurasa nzima kwa hesabu zisizonyooka. Wanahistoria wanamtambua kuwa ni Sewa Haji Paroo, ambaye baadaye akawa msambazaji mkubwa wa wapagazi na vifaa vya misafara. Mali yake ilifika mbali: ukiingia Muhimbili leo utaelekezwa jengo la Sewahaji. Sisi tunasoma lalamiko la Stanley. Lake yeye juu ya Stanley hatulisomi.

Hapo ndipo pananikera mimi. Wasifu wa Bombay tunaujua kwa sababu waajiri wake waliandika vitabu, yaani tuna "recommendations" zake zote, nzuri na mbaya. Burton alimsifu. Stanley alimsifu, akamtukana, akampiga. Cameron alimwona ameshachuja. Na Stanley alipokutana naye mara ya kwanza aliona pengo kubwa kwenye meno ya mbele, pengo lililotokana na ngumi ya Speke. Bombay alikuwa na tathmini yake ya mwajiri, ameibeba mdomoni, na aliyekuja kumwajiri aliisoma kama kichekesho.

Lakini wapagazi nao walikuwa na njia yao ya kupeana habari. Wanyamwezi walisafiri kwa makundi, kila kundi na kambi yake na kirangozi wake, na kambini habari ilitembea: nani analipa, nani anapunguza posho, nani mkono wake mwepesi wa fimbo. Mwajiri mwenye jina baya angeweza kukaa Tabora majuma na majuma, pesa anayo, watu hapati. Msimu wa kilimo ukikaribia ndiyo kabisa, maana mtu alikuwa na shamba lake la kuwahi.

Juu ya hayo kulikuwa na utani. Mnyamwezi akipita Uzaramo alikuwa kwa watani wake: angeweza kuchukua chakula na isiwe ugomvi, angetukanwa na asikasirike. Akifa huko, mbali na ndugu, mtani ndiye mwenye wajibu wa kumzika. Mimi nina watu mia kadhaa LinkedIn, na sijui kama hata mmoja ananidai kitu, au mimi namdai.

Reli ya kati ilifika Tabora 1912, na behewa moja likabeba mzigo wa misafara mizima. Soko la wapagazi wa masafa marefu likafa, pamoja na kambi na mahesabu yake yote. Utani haukufa. Hadi leo, kwenye msiba wa Mnyamwezi hapo Dar es Salaam, anaweza kutokea Mzaramo akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku wanalia.